Kompyuta ya mezani kwenye joto la Tanga: kipozeo cha maji au cha hewa?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Tanga, nakusanya kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi kwa Premiere Pro, na jioni magemu kidogo. Prosesa nimeshanunua, Core i7-14700K, na kadi ya picha ni RTX 4070. Chumba hakina AC, kina feni ya dari tu. Muuzaji anasema prosesa hii lazima niiwekee kipozeo cha maji chenye rejeta ya feni tatu. Rafiki yangu anasema maji yatavuja yaue kila kitu, tena kwa unyevu wa huku pwani yatatoa jasho ndani ya kasha. Sitaki kununua mara mbili. Nichukue kipi?"

Jibu: Ndugu msomaji, chukua cha hewa, lakini kiwe cha minara miwili (marundo mawili ya vibati vyembamba vya kupozea) na feni mbili, kisha uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya ubao mama, uipunguzie prosesa wati. Hilo la pili ndilo lenye uzito kuliko la kwanza. Kwenye chumba chako, ukiacha wati zilivyo, hata hicho cha maji cha feni tatu kitashindwa, na hapo ndipo watu wengi hununua mara mbili.

Hakuna kipozeo, cha hewa wala cha maji, kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokiingia. Maji hayatengenezi ubaridi. Kazi yake ni kubeba joto kutoka juu ya prosesa hadi kwenye rejeta, na kule hewa ya chumba ndiyo inayolichukua. Kwa hiyo vipimo unavyoviona mtandaoni, vilivyofanywa Ulaya au Marekani kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22, vinapotua kwako vinapanda nyuzi kwa nyuzi. Wao wakipata 85, wewe alasiri ya kaskazi, chumba kikiwa nyuzi 33, utapata 96 au 97 kwa kifaa kilekile na kazi ileile.

Tufanye hesabu ya prosesa yako. Intel wameipa 14700K wati 125 za msingi na wati 253 za juu, na kikomo cha joto ni nyuzi 100. Ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwa makadirio ya fundi, kipozeo kizuri cha hewa cha minara miwili kwenye prosesa hii huongeza nyuzi 1 kwa kila wati 3. Cha maji cha rejeta ya milimita 360, yaani feni tatu za 120, huongeza nyuzi 1 kwa kila wati 3.5 hivi. Sasa weka wati 253. Kwa hewa: 253 gawanya kwa 3 ni 84, ongeza chumba 33, unapata 117. Haiwezekani, prosesa itakuwa imeshajipunguza zamani. Kwa maji: 253 gawanya kwa 3.5 ni 72, ongeza 33, unapata 105. Nayo imepita kikomo. Geuza hesabu uone kila kimoja kinabeba wati ngapi kabla ya kugonga 100: cha hewa kama 200, cha maji kama 235. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia, wati 35 hivi, na bado hujahesabu joto la kadi ya picha.

Kwa nini maji hayaachi pengo kubwa zaidi ya hapo? Kwa sababu sehemu ngumu ya safari haiko kwenye rejeta. Kipande cha silikoni kinachozalisha joto ni kidogo kuliko kifuniko cha chuma unachokiona juu ya prosesa. Joto lote hupenya eneo hilo dogo, likapita kwenye kifuniko, likapita kwenye pesti (ule uji wa kupitisha joto unaopakwa juu ya kifuniko), ndipo likutane na shaba ya kipozeo. Kizuizi kiko hapo, na hapo maji na hewa viko sawa. Isitoshe, hicho tunachokiita cha hewa nacho kina maji: yale mabomba ya shaba yanayopanda kwenye mapezi, yaani vile vibati vya kupozea, yana matone machache ya kimiminika yaliyofungiwa kwa shinikizo dogo. Upande wa moto yanageuka mvuke, mvuke unapanda, unapoa kwenye mapezi, unageuka maji na kurudi chini kupitia ukuta wenye vinyweleo. Hakuna pampu, na hakuna cha kuharibika.

Tuje kwenye hofu za rafiki yako. Jasho kwanza, maana hapo amekosea kabisa. Jasho hutokea kitu kinapokuwa baridi kuliko kiwango ambacho hewa huanza kuacha maji. Kwa hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, kiwango hicho ni karibu nyuzi 26. Maji ya kipozeo kompyuta ikifanya kazi yako nyuzi 10 hadi 15 juu ya hewa inayoingia kwenye rejeta, na ikizimwa yanalingana na chumba. Hayafiki 26 kamwe kwenye chumba chako. Hatari ya jasho ipo kwingine, na inahusu kompyuta yoyote: kasha limeshinda kwenye chumba cha AC ya nyuzi 20, ukalitoa nje na kuliwasha papo hapo. Hapo kila chuma ndani kina unyevu usiouona vizuri. Acha masaa mawili matatu kabla ya kuchomeka umeme.

Kuvuja kupo, lakini ni nadra kwa vipozeo vilivyofungwa kiwandani. Kinachoviua ni uzee. Mipira ya kupitishia maji inavujisha mvuke polepole sana mwaka hadi mwaka, maji yanapungua, mapovu yanaongezeka, na pampu inaanza kukoroma kila unapowasha. Mwisho inachoka au vijia vidogo vya shaba vinaziba. Hesabu miaka mitano au sita. Pampu ikifa hubadilishi pampu, unatupa kifaa kizima, maana haifunguki. Kwenye cha hewa kinachokufa ni feni, na feni ya milimita 120 ya pini nne unaipata dukani, unaibana kwa waya zake dakika tano. Kwa mtu ambaye kifaa cha kurudisha kwa waranti kitasafiri hadi Dar na pengine nje ya nchi, huku harusi tatu zinasubiri kukabidhiwa, tofauti hiyo ni kubwa kuliko nyuzi chache za joto.

Kuna na chumvi. Ukikaa karibu na bahari, upepo unaingia na chumvi, na mapezi ya rejeta ni alumini nyembamba iliyosongamana. Mapezi ya kipozeo cha hewa nayo mara nyingi ni alumini, hakuna aliyesalimika, ila tofauti ni hii: pezi la mnara likila kutu unapoteza pezi; mrija wa rejeta ukitoboka unapoteza maji. Kwa sababu hiyohiyo, usimsikilize fundi atakayekwambia atakifungua kipozeo chako na kukiongezea maji ya bomba. Ndani kuna shaba upande mmoja na alumini upande wa pili, na dawa ya kuzuia zisilane. Maji ya bomba yanaondoa ulinzi huo.

Umeme ukikatika je? Hili halikuulizwa ila nalitaja kwa kuwa wengi hulihofia: pampu ikisimama ghafla, na prosesa imesimama. Hakuna madhara ya joto. UPS unaihitaji kwa ajili ya faili zako na power supply ya kompyuta, si kwa ajili ya kipozeo.

Sasa ununue nini hasa. Mifano miwili inayofahamika ya minara miwili ni Noctua NH-D15, yenye feni mbili za milimita 140 na urefu wa milimita 165, na Thermalright Peerless Assassin 120 SE, yenye feni mbili za 120, mabomba sita na urefu wa milimita 155. Ya pili ni nafuu zaidi na kwa kazi yako inatosha. Kabla ya kulipa, fungua maelezo ya kasha lako utafute urefu wa juu wa kipozeo unaoruhusiwa. Ukiandikwa 160, NH-D15 haitafunga mlango. Pima na RAM: feni ya mbele ya NH-D15 ikikaa mahali pake inaacha milimita 32 tu, hivyo RAM zenye mapambo marefu ya taa zitailazimu feni kupanda juu, na urefu wote unaongezeka. Kipozeo cha zamani kilichokaa dukani kinaweza kukosa vyuma vya kufungia kwenye soketi yako (mahali prosesa inapokaa kwenye ubao mama), LGA1700. Uliza kabla, mwambie muuzaji afungue boksi mvione.

Kufunga kwake si kazi ngumu, lakini makosa yake ni yaleyale kila siku. Chini ya kipozeo kuna plastiki nyembamba ya kulinda shaba. Bandua. Ikisahaulika, prosesa inaweza kuruka hadi 100 mara tu ikipewa kazi nzito. Kifuniko cha 14700K ni mstatili, hivyo tone moja katikati halifiki pembeni. Weka mstari mwembamba wa pesti kwa urefu wake, au matone matano kama upande wa tano wa dadu. Usipake kwa kidole. Shusha kipozeo wima bila kukitelezesha, kaza skrubu zote mbili kwa mizunguko michache kila upande kwa zamu, hadi zigome zenyewe. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine, pesti inakimbilia upande mmoja na baadhi ya kore (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) zitakuwa nyuzi 10 juu ya wenzao. Feni zote mbili zipulize kuelekea nyuma ya kasha. Upande wa feni wenye mikono inayoshikilia mota ndio unaopuliza hewa. Unganisha feni mbili kwa waya wa matawi unaokuja nao, kisha chomeka kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN.

Feni za kasha ndizo zinazoamua nusu ya matokeo, na ndizo watu wanazibania hela. RTX 4070 inamwaga wati 200 ndani ya sanduku lilelile. Weka mbili au tatu mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa, na ukiwa na ya ziada iweke juu upande wa nyuma ikitoa. Usiiweke juu upande wa mbele: itanyonya hewa safi na kuitoa kabla haijafika kwenye kipozeo. Kasha lenye kioo kitupu mbele, hata liwe zuri kiasi gani, kwenye nyuzi 33 ni tanuri. Chagua lenye wavu. Na liwekwe juu ya meza au kigoda, lisikae sakafuni ambako vumbi na nywele za paka huingia kwanza.

Tukirudi kwenye BIOS. Isasishe kabla ya yote. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na kasoro ya volteji iliyozichakaza zikaanza kuzima programu ovyo. Intel walitoa marekebisho yaitwayo 0x129 Agosti 2024 na mengine baadaye, na yanakuja kupitia BIOS ya mtengenezaji wa ubao mama. Kipozeo, hata kiwe cha bei gani, hakitibu kasoro hiyo. Ukishasasisha, chagua mpangilio ulioandikwa Intel Default Settings, maana mbao mama nyingi huja zimefunguliwa wati bila kikomo. Kisha tafuta vikomo viwili vya nguvu: PL1, ya muda mrefu, andika 160, PL2, ya muda mfupi, andika 180. Rudi kwenye hesabu yetu: 160 gawanya kwa 3 ni 53, jumlisha 33, ni 86. Kadi ya picha ikiwa inafanya kazi, ongeza nyuzi chache. Uko salama hata Februari.

Je, hutapoteza kasi? Utapoteza kidogo, na kwenye kazi inayobana kore zote 20 tu. Nguvu inayoliwa hupanda kwa mraba wa volteji, na zile megahezi za mwisho ndizo zinazodai volteji nyingi. Ukizikata, unarudisha joto jingi kwa kasi ndogo. Kwenye magemu hutaona kitu, kwa sababu prosesa hii katika gemu nyingi haifiki hata wati 150. Na kwenye kutoa video ya H.264 kwa Premiere, ukichagua usimbaji wa vifaa (Hardware Encoding) badala ya wa programu (Software Encoding), kazi kubwa inabebwa na kadi ya picha. Prosesa yako hukimbia mbio fupi fupi: unaburuta kipande, unaweka rangi, inaruka, inapumzika.

Nani basi achukue maji? Anayerenda (yaani kutoa video au picha iliyokamilika) kwa prosesa masaa sita mfululizo kwenye chumba cha AC, anayetaka zile wati 35 na yuko tayari kubadilisha kifaa baada ya miaka mitano. Au mwenye kasha jembamba lisilopokea mnara. Au anayesafirisha kompyuta mara kwa mara, na hili liangalie vizuri: NH-D15 na feni zake ina kilo 1.3, imening'inia kwenye ubao mama. Ukipeleka kompyuta kwa basi kwenda Arusha, laza kasha ubavu, ubao mama uwe chini na mnara usimame wima, au ufungue mnara kabisa. Kwenye buti, limesimama, barabara yenye matuta inaweza kupinda ubao.

Ukiamua maji hata hivyo, chukua ya 360 au usichukue. Rejeta ya 120 inazidiwa na mnara mzuri, na ya 240 kwa 14700K inalingana nao tu kwa bei kubwa zaidi. Ifunge juu ya kasha ikitoa hewa nje. Na ikiwa ni mbele, sehemu ya juu ya rejeta ipite kimo cha pampu, mipira ikiwa upande wa chini. Hewa iliyomo ndani ya mzunguko hupanda mahali pa juu kabisa. Pampu ikiwa ndiyo iliyo juu, mapovu yanakaa humo, inapiga kelele na kufa mapema. Ujue pia kuwa ukiondoa mnara, zile sehemu za umeme zinazozunguka soketi hazipati tena upepo wa bure, kwa hiyo feni ya nyuma ya kasha isiondolewe. Na pampu ikae kasi kamili muda wote. Feni ndizo za kupanda na kushuka.

Kwa vumbi la huku, wavu wa mbele upanguse kila wiki mbili, na ndani upulize kwa blowa kila miezi miwili, nje ya nyumba, umeme umechomolewa. Feni zishike kwa kidole zisizunguke wakati unapuliza. Zikizungushwa kwa nguvu zinaharibu beringi na zinaweza kurudisha umeme kwenye ubao. Mnara unauona mapezi yake na vumbi linatoka kirahisi. Rejeta hushika vumbi kati ya feni na mapezi, mahali usipopaona, linaganda kama blanketi. Pesti badilisha baada ya miaka miwili mitatu, au joto likipanda bila sababu. Safisha ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi.

Ukimaliza kukusanya, pima alasiri, saa nane au tisa, feni ya dari ikiwa kama unavyoitumia siku zote. Fungua HWiNFO64, programu ya kusoma joto na wati, washa Cinebench R23, programu ya kuibana prosesa kwa kazi nzito, kwa dakika 10 za kawaida kama ni kipozeo cha hewa. Kwa cha maji endelea hadi dakika 30, kwa sababu maji huchelewa kupata moto na dakika za mwanzo hudanganya. Tazama nyuzi, wati, na alama ya kujipunguza kasi. Ukiona 85 hadi 90 kwenye wati 160, kazi imekamilika; ukitaka, panda PL1 hadi 175 upime tena. Ikiwa wati ni 160 na joto linapanda taratibu hadi 97, fungua mlango wa kasha urudie: likishuka nyuzi zaidi ya 5, shida ni feni za kasha, si kipozeo. Lakini likiruka hadi 100 ndani ya sekunde tano za kwanza, zima. Hapo shaba haigusi prosesa sawasawa: ni skrubu hazijafika, pesti haijaenea, au ile plastiki bado iko chini.